Maria, Nancy au Elle Woods: uanze na msimu upi wa kusaka nyota wa jukwaani?

Connie Fisher alitangazwa mshindi wa shindano la BBC la kumsaka mwigizaji wa jukwaani katikati ya Septemba 2006. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo alikuwa amesimama kwenye jukwaa la London Palladium kama Maria wa The Sound of Music, mbele ya watu waliolipa kiingilio na ambao hawakuwa na sababu ya kumhurumia. Miezi miwili tu. Mshindi wa shindano la kawaida la kuimba hupewa mkataba wa kurekodi, kisha wenye kampuni hukaa kitako kufikiri wamfanyie nini. Huyu alikabidhiwa kazi yenye saa ya kufika, katika ukumbi ambao pazia hufunguliwa mara nane kwa wiki, uwe na mafua au usiwe nayo.

Ndiyo maana nikiulizwa uanze na msimu upi, sianzi na sauti. Naanza na zawadi. Vipindi hivi ni usaili wa kazi unaofanyika hadharani, na unaofaa jioni zako ni ule unaokuonyesha kazi yenyewe: nani ataimudu, nani itamwelemea, nani anapendwa tu basi. Kwa kipimo hicho, misimu maarufu ya Uingereza na Marekani haiko sawa hata kidogo.

Nitataja washindi, nakuonya mapema. Mimi naona vipindi hivi vinatazamika vizuri zaidi ukijua mwisho wake. Ukishajua nani anashinda unaacha kubahatisha, macho yanapata nafasi ya kuona mengine.

Kiti cha Lloyd Webber

BBC ilitengeneza misimu minne kwa mtindo mmoja. How Do You Solve a Problem Like Maria? ya 2006 ilimsaka Maria. Any Dream Will Do ya 2007 ilimsaka Joseph wa Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat. I'd Do Anything ya 2008 ilimsaka Nancy wa Oliver!, pamoja na watoto wa kucheza Oliver mwenyewe. Over the Rainbow ya 2010 ilimsaka Dorothy wa The Wizard of Oz. Yote inaongozwa na Graham Norton, ambaye mzaha wake ndio unaozuia machozi ya kila wiki yasigeuke matanga. Majaji hutoa maoni, watazamaji hupiga kura kwa simu, wawili wenye kura chache huimba wimbo wa kujiokoa, na Andrew Lloyd Webber, mtunzi na mtayarishaji wa tamthilia za muziki aliyeketi kwenye kiti kinachofanana na cha enzi, humwokoa mmoja. Ikifika fainali mamlaka hayo humtoka. Kura za watu ndizo zinazokata shauri.

Utamu na kasoro ya mpango huo vinatoka chungu kimoja. Katika misimu mitatu kati ya minne, onyesho linalotafutiwa mtu lina mkono wa Lloyd Webber ndani yake. Anapomwokoa mshindani, unamwona tajiri akimfikiria mfanyakazi: huyu atanifikisha Ijumaa jioni na sauti yake? BBC ililaumiwa kwa kuwapa watayarishaji wa biashara tangazo la wiki nyingi bila malipo, na kwa kweli lawama hiyo ina uzito. Lakini mtazamaji ananufaika nayo. Jaji ambaye hapotezi kitu husifia kirahisi, ilhali huyu anaonekana akimeza mate kila mshindani anapokosa noti ya juu.

Maria na Joseph

Weka misimu miwili ya kwanza bega kwa bega uone jinsi nafasi inayogombewa inavyobadilisha kipindi kizima. Maria ni mzigo. Yuko jukwaani karibu muda wote, anaimba, anacheza, anawaongoza watoto saba ambao macho ya ukumbi huwafuata wao kabla yake, na lazima tuamini kwamba mtawa mtarajiwa anaweza kumpenda kapteni mkavu kama yule. Kwa hiyo 2006 kila jaribio lilikuwa na maana. Fisher alikuwa amesomea kazi hii katika chuo cha Mountview, kisha akaishia kuuza bidhaa kwa simu. Ukimtazama kuanzia wiki ya kwanza unaona mtu aliyekwisha jiandaa, anayesubiri mlango tu.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi ya fainali. Sauti yake ilianza kumsumbua, akapunguziwa maonyesho, na Aoife Mulholland, aliyekuwa mshindani mwenzake, akaingia kushika baadhi yake. Miaka michache mbele ikagundulika kwamba alikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye nyuzi za sauti. Rudi sasa utazame zile wiki za mashindano ukiwa na habari hiyo. Wimbo mmoja kila Jumamosi hauwezi kukuonyesha mtu atakavyokuwa kwenye onyesho la 8 la wiki ya 20, na hakuna jaji wala mpiga kura aliyekuwa na namna ya kuliona hilo.

Joseph ni habari nyingine. Amini usiamini, katika tamthilia inayobeba jina lake si yeye mwenye mzigo mkubwa wa kuimba. Msimulizi ndiye anayeimba kwa wingi. Joseph anahitaji nyimbo mbili tatu zilizokaa sawa, mvuto, na kifua cha kuonyesha. Kwa hiyo Any Dream Will Do, kwa jicho langu, ina mchezo mwingi kuliko hatari. Lee Mead alishinda, na alikuwa tayari anafanya kazi West End, mtaa wa kumbi kubwa za London, jambo lililowafanya wengine wamwone kama mchezaji wa ligi kuu aliyeshuka kucheza mtaani. Julai 2007 alikuwa kwenye ukumbi wa Adelphi. Denise Van Outen, aliyekuwa jaji wa msimu ule, baadaye alifunga naye ndoa, wakaja kuachana. Hilo halihusiani na sauti ya mtu, ila utalikumbuka kila anapomsifia, na nadhani hutaweza kujizuia kutabasamu.

Ukitaka burudani ya Jumamosi isiyokuuma moyo, chagua Joseph. Kumtazama mtu akipimwa kweli, Maria. Na kama una nafasi ya msimu mmoja tu wa BBC, ruka yote miwili uende 2008.

Nancy, na wale walioshindwa

Nancy anaonekana jukwaani kwa muda mfupi kuliko Maria. Lakini ni mwanamke aliyechapwa na maisha, anayempenda Bill Sikes, mwanamume anayempiga na mwishowe anamuua, na anaposimama peke yake kuimba kwamba hatamwacha, ukumbi lazima uamini kwamba anajua anachokisema. Hapo ndipo mgogoro wa I'd Do Anything ulipo, na ndio unaoufanya kuwa msimu bora wa aina yake.

Watatu wa mwisho walikuwa Jodie Prenger mwenye miaka 28, Jessie Buckley mwenye 18 na Samantha Barks mwenye 17. Prenger alikuwa amewahi kushinda shindano la runinga la kupunguza uzito, na alikuwa na kicheko cha mtu aliyekwisha kuimba mahali pengi ambapo hakuna aliyenyamaza kumsikiliza. Buckley, kutoka Killarney huko Ireland, alikuwa na kitu kisichofundishika: akiimba unasahau kuangalia kitu kingine. Barks alikuwa na sauti safi kuliko wote na sura ya mtoto wa shule, kwa sababu alikuwa na umri wa mtoto wa shule. Lloyd Webber hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa kwa Buckley. Umma ukamchagua Prenger.

Nani alikuwa sahihi? Nimebadilisha mawazo mara mbili. Kwa kipimo cha kazi, wapiga kura waliona kitu ambacho kiti cha enzi hakikukiona: Nancy aliyekwisha ishi. Prenger alianza kazi katika ukumbi wa Theatre Royal Drury Lane, na Oliver! ikazinduliwa rasmi Januari 2009, Rowan Atkinson akiwa Fagin. Alidumu kwenye nafasi ile zaidi ya mwaka. Lakini kwa kipimo cha kipaji, Lloyd Webber hakukosea. Buckley aliondoka akaenda kucheza kwenye ukumbi mdogo wa Menier Chocolate Factory, akaendelea na masomo ya uigizaji, na mwaka 2022 akapata tuzo ya Olivier kwa nafasi ya Sally Bowles katika Cabaret, mwaka uleule alioteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya The Lost Daughter. Barks akawa Éponine katika filamu ya Les Misérables ya 2012, na baadaye Elsa wa Frozen pale pale Drury Lane. Rachel Tucker, aliyetolewa kabla ya fainali, akawa Elphaba wa Wicked West End. Hakuna msimu mwingine ninaoujua ambao walioshindwa wamejaa vipaji namna hii.

Basi hutatazama kama shindano tena. Unatazama chumba kimoja chenye waigizaji kadhaa wakubwa ambao bado hawajijui, wakiimba nyimbo za redio wakiwa wamevaa nguo za rangi moja. Kuna wiki Buckley anakosolewa kwa jinsi mikono yake inavyokaa. Mikono!

Upande wa watoto ni mfupi na mtamu: wavulana watatu walichaguliwa, si mmoja, kwa kuwa mtoto habebeshwi maonyesho yote ya wiki peke yake. Nafasi ziligawanywa. Laiti watu wazima nao wangefikiriwa hivyo tangu mwaka 2006.

Over the Rainbow ilikuja baada ya hapo ikiwa imechoka kidogo. Danielle Hope alistahili ushindi na Sophie Evans, aliyekuwa wa pili, aliingia kwenye onyesho pia. Dorothy ni kazi ngumu ya kuwa jukwaani muda wote. Lakini kipindi kilikuwa kimeanza kupenda mbwembwe zake chenyewe: anayetolewa anavua viatu vyekundu, anavikabidhi kwa Lloyd Webber, kisha anapandishwa kwenye mwezi wa bandia na kuvutwa juu huku akiimba. Mara ya kwanza inachekesha. Mara ya nne unatafuta kitufe cha kusogeza mbele. Kulikuwa na msako wa mbwa wa kucheza Toto pia, na kama una watoto wadogo nyumbani huo ndio utakaokuokoa.

Wamarekani wawili

Marekani ilijaribu njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko iliyopo kati ya misimu yote minne ya BBC.

Ya kwanza ni Grease: You're the One That I Want!, iliyorushwa na NBC mwanzoni mwa 2007 kutafuta Danny na Sandy, wapenzi wa tamthilia ya muziki ya Grease, kwa ajili ya Broadway, yaani kumbi kubwa za New York. Mtindo ni ule wa Uingereza, kura za umma zikiwemo, ila kila mshindani alibandikwa jina la utani kama bidhaa kwenye rafu. Laura Osnes aliitwa Sandy wa mji mdogo, Max Crumm akawa Danny mvivu. Walishinda wote wawili, na Agosti mwaka huo walikuwa kwenye ukumbi wa Brooks Atkinson. Kipindi chenyewe hakinishiki. Majina yale yanakuzuia kuona mtu akibadilika, kwa sababu Danny mvivu akianza kujituma, jina linamsuta. Hata hivyo Osnes alikuwa chaguo zuri kuliko kipindi kilichomchagua: miaka iliyofuata aliteuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Tony, 2012 na 2013. Mtayarishaji David Ian alikuwa jaji humo, kama alivyokuwa kwenye Maria, na kama alivyokuwa tena kwenye Grease Is the Word ya ITV mwaka uleule wa 2007. Mtu yule alikaa kwenye viti vya majaji mpaka nadhani viliuzoea mgongo wake.

Ya pili ni The Search for Elle Woods ya MTV, mwaka 2008, iliyomsaka mwigizaji wa Elle, mhusika mkuu wa tamthilia ya muziki ya Legally Blonde, na hii ndiyo mshindani halisi wa I'd Do Anything katika orodha yangu. Haina kura ya umma hata moja. Haina kiti cha enzi, haina wimbo wa kujiokoa mbele ya ukumbi unaopiga kelele. Majaji ni watu wa ndani ya kazi: mteuzi wa waigizaji Bernard Telsey, Heather Hach aliyeandika maneno ya tamthilia ya Legally Blonde, na Paul Canaan aliyekuwa akicheza kwenye onyesho lenyewe. Wanawake wanaishi pamoja New York, wanafundishwa wimbo na hatua, wanapewa muda mfupi, wanarudi kuonyesha walichoshika. Anayeshindwa kushika anaondoka. Huo ndio usaili wa Broadway ulivyo, ukiondoa kamera na ugomvi wa bafuni.

Ugomvi wa bafuni upo, usijidanganye. Ni MTV. Kuna kulia kwingi, kuna kusemana, na kuna muziki wa kukuambia lini ushtuke. Lakini kila ukikaribia kukata tamaa, mwalimu wa sauti Seth Rudetsky anaingia na kumweleza binti kwa dakika mbili kwa nini noti yake inakwama kooni, nawe unajifunza jambo.

Elle ni nafasi ya kukimbia: kuimba, kucheza, kubadilisha nguo, kubeba mbwa mdogo, kurudi mbio. MTV walikuwa wamesharusha onyesho lote la Legally Blonde mwaka uliotangulia, Laura Bell Bundy akiwa Elle, kwa hiyo kipimo kilikuwepo: ulijua washindani wanafukuzia nini. Bailey Hanks alishinda, akaanza kazi tarehe 23 Julai 2008, siku mbili baada ya sehemu ya mwisho kurushwa. Autumn Hurlbert, wa pili, akachukuliwa kuwa mwigizaji wa akiba. Onyesho likafungwa tarehe 19 Oktoba. Kazi iliyotafutwa mbele ya taifa zima haikufikisha miezi mitatu. Hakuna msimu wa BBC unaokuonyesha wazi kiasi hicho kwamba Broadway ni ajira, na ajira huisha.

Sasa zitazame mbili hizi pamoja. Elle Woods ina sehemu nane, unaimaliza wikiendi moja. Nancy ni safari ya majuma, ina misindikizo mingi, nyimbo za kundi, mahojiano ya mama na shangazi. Kutazama leo kitu ambacho kura zake zilifungwa zamani kunapunguza joto la I'd Do Anything, maana nusu ya msisimko ulikuwa simu iliyo mkononi mwako. Elle Woods haipotezi chochote: ulikuwa mtazamaji tu tangu mwanzo. Kwa upande wa kujifunza kazi, MTV inashinda. Kwa upande wa kuwaona watu wenye kipaji cha ajabu wakiimba kwa moyo wote, BBC inashinda, tena kwa mbali.

Za ITV, kwa ufupi

Superstar ya Julai 2012 ilimtafuta Yesu wa Jesus Christ Superstar, na Ben Forster akaipata nafasi hiyo. Ngoma ya watoto haikeshi: ilirushwa karibu kila siku kwa wiki mbili na kitu, ikaisha. Zawadi ilikuwa ziara ya kumbi kubwa za maelfu ya watu, pamoja na Tim Minchin na Melanie C, kwa hiyo swali la kudumu mwaka mzima halikuwepo. Itazame kama unapenda wanaume wakipiga noti za juu mpaka mishipa ya shingo itoke. Vinginevyo pita.

Mamma Mia! I Have a Dream ya 2023 ndiyo ya karibuni na ndiyo laini kuliko zote. Ilirekodiwa zaidi Corfu, kisiwa cha Ugiriki, bahari ya samawati nyuma ya kila anayelia, na kwa sehemu kubwa majaji ndio walioamua mpaka umma ulipopewa fainali. Stevie Doc na Tobias Turley walishinda nafasi za Sophie na Sky katika ukumbi wa Novello. Haina ukatili wa zile za zamani, na kwa mtu asiyependa kuona kijana akiaibishwa hii ndiyo ya kuanzia. Mimi nilikosa wasiwasi. Sophie ni nafasi ambayo West End imekuwa ikiijaza kila mara tangu 1999 bila msaada wa runinga, na hilo linapunguza uzito wa machozi. Kilichonifanya nimalize ni jaji mmoja: Samantha Barks, yuleyule wa miaka 17, sasa amekaa upande wa pili wa meza. Mtazame uso wake kila mshindani anaposubiri kusikia jina. Hasemi mengi. Anajua.

Basi ukiwa na watoto, Over the Rainbow kwa ajili ya mbwa. Ukiwa na mzazi anayependa nyimbo za zamani, Maria, na mkalie kimya fainali ile. Kama wewe mwenyewe unafikiria kusimama kwenye usaili siku moja, Elle Woods kwanza, na kalamu mkononi. Mtu wa kawaida mwenye jioni za kutosha: I'd Do Anything, kuanzia mwanzo, bila kuruka wiki za katikati ambapo Barks anaonekana kama atatolewa wakati wowote.

Ukimaliza, tafuta kipande kimoja zaidi. Januari 2012, Manchester. Oliver! iko kwenye ziara, na Nancy wa ziara hiyo ni Barks, aliyekuwa wa tatu. Onyesho limekwisha, waigizaji wanapokea makofi, na mtayarishaji Cameron Mackintosh anapanda jukwaani kuwaambia watu, Barks mwenyewe akiwa hana habari, kwamba binti huyo amepata nafasi ya Éponine kwenye filamu. Bado amevaa gauni la Nancy.